Talaka Bila Wakili: Njia ya Mwenye Fedha Haba

Katika ua wa korti ya hakimu, mji wowote wa Kenya, asubuhi ya siku ya mashauri huonekana watu wa namna mbili. Wa kwanza wamevaa suti nyeusi, na faili zao huchukuliwa na makarani wao. Wa pili huketi kwenye mabenchi, bahasha ya khaki magotini, wakingoja kusikia majina yao. Wengi wa hao wa pili hawana wakili. Na miongoni mwao wamo wanaume na wanawake ambao shauri lao si la deni wala la mpaka wa shamba, bali ni la ndoa iliyokufa siku nyingi na ambayo bado haijazikwa.

Lakini walio wengi zaidi hawafiki hata kwenye benchi hilo. Wameambiwa na majirani kwamba talaka ya kortini ni jambo la matajiri, na kwamba maskini hana budi kunyamaza. Basi mtu hukaa miaka kumi hana mwenzake wala hakuachwa. Akitaka kuoa tena kwa halali, hawezi. Akifa, waliomtupa hurudi kudai urithi.

Hofu hiyo ina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Sheria ya Kenya haimlazimishi mtu yeyote kuwa na wakili ndipo aombe talaka. Yanayompasa ni kuwa na karatasi zilizo sawa, kuwa na subira, na kujua jambo moja ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: hati ya talaka huvunja ndoa tu. Haigawi shamba, wala haiwalishi watoto.

MFANO WA MAMA MMOJA

Tuchukue mfano wa mama mmoja mkulima wa majani chai. Alifunga ndoa kanisani, akazaa watoto wawili. Yeye na mumewe walinunua ekari mbili, wakajenga nyumba juu yake. Fedha za kununua zilitoka katika mshahara wa mume. Majani chai yalipandwa na kuchumwa kwa mikono ya mke. Hati ya shamba iliandikwa jina la mume peke yake, kama ilivyo desturi ya wengi.

Miaka sita iliyopita mume alikwenda mjini kufanya kazi, na huko akaanza maisha na mwanamke mwingine. Hakuleta fedha, hakuandika barua, hakuja hata mtoto alipolazwa hospitali. Mama alivumilia. Halafu siku moja akasikia sokoni kwamba mnunuzi ameonekana akipima shamba kwa miguu.

Mama akamwendea wakili. Aliambiwa bei ambayo ingemlazimu kumwuza ng'ombe wake wa maziwa, yule yule anayelipa karo ya watoto. Akarudi nyumbani akilia. Wiki ya pili, kwa shauri la mwalimu mmoja wa kanisani, alikwenda katika ofisi ya msaada wa sheria. Pale alisikilizwa, kisha kijana wa ofisi akamwuliza:

"Mama, unaogopa nini zaidi: kubaki mke wa mtu huyu, au kupoteza shamba?"

"Mwanangu, ndoa ilikwisha zamani. Shamba ndilo maisha yangu."

"Basi mama, kwanza tulilinde shamba. Talaka itafuata."

Jibu hilo ndilo linalofaa kukumbukwa na kila msomaji. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema kwamba katika ndoa ya mume mmoja na mke mmoja, mali ya ndoa haiwezi kuuzwa, kukodishwa, kutolewa zawadi wala kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili, maadamu ndoa ingalipo. Tena sheria hiyo yasema kwamba mali iliyopatikana ndani ya ndoa, hata ikiandikwa jina la mmoja, hudhaniwa kuwa mmoja anamwekea mwenziwe amana, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Kwa hiyo mama alifanya mambo mawili kabla ya kufika kortini. Alikwenda katika ofisi ya usajili wa ardhi, akaandikisha zuio juu ya shamba chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, ili mnunuzi yeyote atakayetazama daftari aone kwamba yuko mtu anayedai haki. Kisha alipeleka barua kwa bodi ya kusimamia ardhi, ile iliyowekwa na sheria ya mwaka 1967, ambayo kibali chake chahitajika shamba la kilimo linapouzwa. Kazi yote ilimgharimu nauli, ada ya kuandikisha, na siku mbili za kuacha kuchuma majani.

KUJISEMEA SI JAMBO GENI

Watu wengine hudhani kwamba kusimama kortini bila wakili ni aibu au ujinga. Yafaa wakumbuke mambo ya zamani. Katika mahakama za Waafrika zilizoendeshwa chini ya sheria ya mwaka 1930, na baadaye ile ya mwaka 1951, mawakili hawakuruhusiwa kabisa kusimama. Kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, alisimama mbele ya wazee akasema maneno yake, akaleta mashahidi wake, akaulizwa maswali. Mashauri ya mahari, ya wake waliokimbia na ya watoto yalikatwa huko kwa maelfu. Mahakama hizo ziliondolewa mwaka 1967, zikachukuliwa mahali pake na korti za mahakimu.

Kilichobadilika ni karatasi. Wazee walisikiliza maneno ya kinywa. Hakimu hutaka maneno hayo yaandikwe kwanza. Lakini haki ya kujisemea haikuondolewa. Tena kifungu cha 48 cha Katiba ya mwaka 2010 chaiagiza Serikali kuhakikisha kwamba kila mtu anaifikia haki, na kwamba ikiwa ada yatozwa, iwe ya kadiri, isimzuie mtu.

Na lugha isimtishe mtu. Sheria ya Mashauri ya Madai yasema wazi kwamba lugha ya korti za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Asiyejua Kiingereza aweza kutoa ushahidi wake kwa Kiswahili tangu mwanzo hata mwisho.

NDOA ILIFUNGWA KWA NAMNA GANI?

Swali la kwanza ambalo mtu hana budi kulijibu ni hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 ilikusanya sheria nyingi za zamani zikawa moja, nayo inatambua ndoa za namna tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Namna ya ndoa ndiyo inayoonyesha mlango wa kuingilia.

Waislamu huenda kwa Kadhi. Katiba, katika kifungu cha 170, yaipa korti ya Kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na urithi, iwapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa huko. Watu wa pwani wanajua vema jinsi shauri lisemwavyo mbele ya Kadhi: mume aliyetoa talaka huithibitisha, mke ajitoaye kwa khului hurudisha mahari, na mke aliyetupwa bila matunzo aweza kuomba ndoa ivunjwe na Kadhi mwenyewe. Kosa linalofanywa na wengi ni kutoa talaka kwa maneno nyumbani na kuliacha jambo hapo. Baada ya miaka, mke hana hata kipande cha karatasi cha kuonyesha kwamba aliachwa.

Waliooana kwa mila hupelekwa katika korti ya hakimu, lakini sheria yawapa nafasi ya kupita kwanza mbele ya wazee ili wapatanishwe au wamalizane kwa desturi. Wazee wakishindwa kuwapatanisha, aliyesimamia kikao huandika taarifa ya kupelekwa kortini. Taarifa hiyo ina thamani kubwa kwa asiye na wakili, maana hueleza kwa ufupi ugomvi ulivyokuwa. Mtu asitosheke na kurudisha mahari tu. Katika makabila mengi kurudishwa kwa mahari ndiyo alama ya talaka, lakini ofisi za Serikali huomba hati.

Waliooana kanisani au mbele ya msajili huenda moja kwa moja kwa hakimu. Wakristo waweza kutafuta upatanisho katika kanisa walilofungia ndoa, na ni vema kujaribu, lakini sheria haisemi kwamba mchungaji akikataa, mlango wa korti umefungwa.

KARATASI ZA KUANZIA

Mama wa mfano wetu alifika katika masjala ya korti akiwa na bahasha yake. Karani alimpokea kwa adabu.

"Mama, umeleta cheti cha ndoa?"

"Ninacho, bwana karani, ila kimeraruka pembeni."

"Si neno, kinasomeka. Na kitambulisho? Na ombi lenyewe?"

Hayo ndiyo mambo yanayotakiwa. La kwanza ni cheti cha ndoa, au nakala yake iliyothibitishwa. Aliyeoa kwa mila na asiye na cheti atahitaji hati ya kiapo na watu walioona mahari ikipelekwa. Na sheria yasema kwamba hata sehemu ndogo ya mahari yatosha kuthibitisha ndoa.

La pili ni ombi la talaka lenyewe. Nalo si insha. Lina vifungu vyenye nambari: majina ya mwombaji na ya anayejibu, siku na mahali ndoa ilipofungwa, mahali walipoishi, majina ya watoto na siku zao za kuzaliwa, kama kuna shauri jingine juu ya ndoa hiyo, sababu za kuomba talaka, na mwisho, mambo anayoiomba korti.

Katika sababu ndipo wengi hujikwaa. Mtu huandika kurasa kumi za matusi, lakini asiseme jambo moja ambalo sheria yalitaka. Kwa ndoa ya Kikristo na ya kiserikali sababu ni hizi: uzinzi, ukatili wa mwili au wa moyo, upotovu uliokithiri, kumwacha mwenzako kwa muda usiopungua miaka 3, na ndoa kuvunjika kiasi kwamba haitengenezeki tena. Katika ndoa ya kiserikali, sheria yaeleza pia alama za kuvunjika huko, kama vile kuishi mbalimbali kwa miaka 2 au zaidi, au mwenzako kuhukumiwa kifungo cha maisha au cha miaka 7 au zaidi.

Mama aliandika: "Tangu mwezi fulani wa mwaka fulani mume wangu aliondoka nyumbani na hajarudi." Sentensi hiyo moja, yenye tarehe, ina nguvu kuliko kurasa kumi za uchungu. Tarehe, mahali, jambo lililotendeka, na nani aliliona: hizo ndizo nguzo nne za ombi zuri.

La tatu ni hati ya kiapo, ambayo mwombaji huapa kwamba aliyoyaandika ni kweli. Kiapo hicho hakifanywi nyumbani. Hufanywa mbele ya kamishna wa viapo au hakimu. La nne ni orodha ya mashahidi na nakala za vitu vya kuonyesha: barua, ujumbe wa simu, kadi ya hospitali, nambari ya taarifa iliyoandikwa katika kituo cha polisi.

Tangu Machi 2024 korti zote nchini hupokea karatasi kwa njia ya kompyuta, na ada hulipwa kwa simu. Hilo lisimwogopeshe mzee wa shambani. Aweza kusaidiwa katika saiba ya mjini. Yafaa tu ahakikishe kwamba jina lake na nambari yake ya simu ndizo zilizoandikwa, si za kijana wa saiba, maana taarifa zote za shauri hufuata nambari hiyo.

HATI IMFIKIE MWENZAKE

Korti haimhukumu mtu asiyejua kwamba ameitwa. Kwa hiyo ombi likisha kupokewa, hutolewa ilani ya kumwita mume au mke ajibu katika siku zilizotajwa. Mwombaji hapeleki ilani hiyo yeye mwenyewe. Hupelekwa na mpeleka hati aliyeruhusiwa na korti, ambaye baadaye huapa kwamba alimkabidhi mwenyewe, mahali fulani na saa fulani.

Hapa ndipo mashauri ya maskini hulala miaka. Mume hajulikani alipo, au anajificha. Zamani dawa ya jambo hili ilikuwa kutangaza katika gazeti, na bei ya tangazo huwashinda wengi. Lakini kanuni zilizoongezwa mwaka 2020 zimekubali ilani ipelekwe kwa barua-pepe au kwa ujumbe wa simu kama WhatsApp, katika nambari ambayo mtu anajulikana kuitumia, kisha uthibitisho wa kufika kwake uletwe kortini. Mama hakujua nyumba ya mumewe mjini, lakini nambari yake ya simu aliijua. Ndiyo aliyokuwa akiipigia bila kujibiwa. Nambari hiyo ilimwokolea fedha nyingi.

Mwenzake akijibu na kupinga, shauri huwa refu, na kila upande huleta mashahidi. Asipojibu, mwombaji huomba shauri lisikizwe bila yeye. Lakini hata hivyo hapewi talaka kwa sababu tu mwenzake amenyamaza. Bado yampasa kuthibitisha maneno yake.

SIKU YA SHAURI

Asiye na wakili hana budi kufika mapema, kwa maana jina likiitwa na mtu hayupo, shauri laweza kufutwa. Avae nguo za heshima. Azime simu. Hakimu huitwa "Mheshimiwa". Mwombaji huapa, kisha husimulia mambo kwa utaratibu kama alivyoyaandika, wala haongezi mapya. Aseme aliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Yale aliyoambiwa na jirani, jirani aje ayaseme.

"Mama," hakimu aweza kuuliza, "je, hamwezi kupatana?"

"Mheshimiwa, nimengoja miaka sita. Hajaja hata siku moja."

Jibu fupi kama hilo latosha. Hasira kortini ni mzigo kwa mwenye hasira. Aliye na ushahidi hana haja ya kupaza sauti.

Korti ikiridhika, hutoa kwanza amri ya muda, na baada ya siku zinazotajwa na korti, amri ya mwisho. Baina ya hizo mbili ndoa bado ipo. Wako watu waliosherehekea amri ya kwanza, wakaenda kufunga ndoa nyingine, wasirudi kamwe kuchukua hati ya mwisho. Hao wamejitia hatarini, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 171, yataja kifungo cha hadi miaka 5 kwa mtu anayefunga ndoa nyingine huku ile ya kwanza ingali hai kisheria. Basi mtu asiache faili mpaka awe na nakala ya hati ya mwisho iliyopigwa muhuri, na kuihifadhi pamoja na hati ya shamba.

SHAMBA NA WATOTO

Sasa twarudi katika lile neno la mwanzo. Amri ya talaka ikisha kutolewa, ile kinga ya kutouza mali bila idhini, iliyosimama juu ya ndoa, hupoteza nguzo yake. Mwenye kuomba talaka tu, asiombe mgawanyo wa mali, aweza kutoka kortini akiwa huru na asiye na makao. Ombi la mali huandikwa mbali na ombi la talaka, nalo lina ada yake na ushahidi wake.

Sheria ya mwaka 2013 yasema mali ya ndoa hugawanywa kwa kadiri ya mchango wa kila mmoja. Na mchango si fedha tu. Sheria yenyewe yataja kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara ya nyumba, na kazi ya shamba. Lakini mtu asidhani kwamba nusu ni yake bila kuuliza. Mwezi wa Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba usawa wa mume na mke uliotajwa katika Katiba haumaanishi kila mmoja apewe nusu moja kwa moja. Kila mmoja hana budi kuonyesha alichochangia.

Basi mkulima anayetazamia shauri la namna hii na aanze kukusanya: risiti za kiwanda cha majani chai au za chama cha ushirika, risiti za mbolea na mbegu, daftari ya mishahara ya vibarua, picha za nyumba ilipokuwa ikijengwa, majina ya majirani waliomwona akilima. Hata kama shamba ni la urithi wa mwenzake na si mali ya ndoa, aliyelitengeneza aweza kudai kadiri ya kazi aliyoitia. Risiti ambayo leo hufungiwa chumvi yaweza kesho kuwa nusu ekari.

Watoto nao wana njia yao. Katiba, katika kifungu cha 53, yasema kulea mtoto ni wajibu wa baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au la. Mambo ya malezi na matunzo husikizwa na Korti ya Watoto chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Kabla ya kufika huko, mzazi aweza kumwendea ofisa wa watoto wa Serikali, ambaye huwaita wazazi na kuwasaidia kuandika mapatano: nani atalipa karo, nani atakaa na watoto, na likizo zitakuwaje. Hana haja ya kungoja talaka. Mtoto hali chakula cha hukumu ya mwaka ujao.

ASIYE NA ADA, NA ANAYEHITAJI WAKILI

Yupo ambaye hata ada ya korti hana. Kwake yeye iko Amri ya 33 ya Kanuni za Mashauri ya Madai za mwaka 2010, ambayo humruhusu asiye na uwezo kuomba asikizwe kama maskini. Huleta ombi hilo mwenyewe kortini, pamoja na orodha ya mali yake, na korti humwuliza maswali. Akikubaliwa, hatatozwa ada ya kuanzisha shauri.

Iko pia Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, iliyoanzisha huduma ya Serikali kwa watu wasio na uwezo. Mbali na Serikali, Kituo Cha Sheria kimewasaidia maskini tangu mwaka 1973, na chama cha mawakili wanawake FIDA Kenya tangu mwaka 1985. Chama hicho huwafundisha wanawake kuandika karatasi zao na kujisemea kortini. Tena mwenye fedha kidogo aweza kumlipa wakili kwa kazi moja tu, kama vile kulisoma ombi kabla halijapelekwa, kisha akaendelea mwenyewe.

Lakini si kila shauri lifaalo kubebwa na mtu peke yake. Mwenzake akiwa na wakili na akipinga kila neno, au mali ikiwa nyingi na imefichwa, au ikiwa hati ya shamba imekwisha kupita kwa mtu wa tatu, afadhali kuuza mbuzi na kumlipa mjuzi. Na palipo na kipigo, mtu asianze na talaka. Aende polisi na hospitali, kisha aombe amri ya ulinzi chini ya Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015. Uhai kwanza.

Ajihadhari pia na wale wanaosimama nje ya lango la korti wakisema, "Nipe elfu tano, nitakuletea talaka kesho." Wakili wa kweli jina lake lajulikana na Chama cha Mawakili, na risiti yake ina jina la ofisi. Talaka haitolewi kesho, na muhuri wa kuchongwa hauvunji ndoa. Aliyenunua hati ya uongo amebaki na ndoa yake ile ile, na pengine na kesi ya jinai juu yake.

Hakuna anayefunga ndoa akiomba siku kama hizi zimfikie. Wazee walisema kweli kwamba nyumba hujengwa na wawili, na wanaoweza kupatana na wapatane, kwa maana hakuna karatasi ya korti inayoweza kurudisha miaka. Lakini aliyekwisha kuachwa na mwenzake hana sababu ya kuachwa pia na sheria kwa kuwa mfuko wake ni mwepesi. Mama wa mfano wetu bado anachuma majani chai, na ng'ombe wake bado yuko zizini. Katika sanduku lake la bati, chini ya nguo za kanisani, zimo karatasi tatu zilizofungwa kwa uzi: nakala ya zuio la shamba, mapatano ya watoto, na hati ya talaka yenye muhuri. Nafasi ya nne ameiacha wazi, kwa ajili ya hukumu ya mgawanyo wa mali. Shauri hilo lingali kortini, na bahasha ya risiti zake imejaa.